Sahani Zote Ziko Kwako

Jumamosi iliyopita sahani yangu ilirudi tupu.

Nilikuwa nimeamka na hamu ya mahamri, nikakanda, nikakaanga, na mbaazi za nazi zikawa tayari mapema. Nikajaza sahani, nikaifunika kwa kitambaa, nikavuka ukumbi wa ghorofa yetu hapa Port Reitz hadi mlango unaoangaliana na wangu. Amehamia hapo binti mmoja na mumewe na mtoto mchanga. Mume huendesha lori la makontena, na ukiwasikia wanavyozungumza utajua wametoka bara juzi juzi. Binti alipokea kwa mikono miwili, akashukuru mpaka mimi nikaona haya. Jioni akabisha. Sahani ilikuwa imesuguliwa ikang'aa. "Asante sana, Mama. Ilikuwa tamu ajabu," akasema, akanikabidhi, akarudi kwake. Ndani hamkuwa na kitu, hata kipande cha ndimu.

Sitakuficha, nilinuna. Nikafunga mlango nikaanza kuwateta watu wa siku hizi, na wala sikuwa nimefika mbali. Mama yangu, ambaye siku hizi anaishi nami na hatoki nje kwa sababu ya magoti, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Aliitazama sahani, akanitazama mimi, kisha akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Huyo ni mimi," akasema. "Huyo binti ni mimi mtupu. Umesahau Magongo?"

Sijasahau. Nani aweza kusahau Magongo? Kaa hapa kidogo nikusimulie, maana huku nikikumbuka nitakuwa nakupa na mapishi, na hutaondoka mikono mitupu.

Tulikuwa tumetoka Ukambani, mama na mimi na wadogo zangu, tukamfuata baba aliyekuwa amepata kazi kiwandani huku Changamwe. Alitupangishia chumba mtaa wa Magongo, katika nyumba ya Kiswahili, zile za ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na uani mkubwa nyuma wenye bomba moja la maji. Kila mwanamke alikuwa na jiko lake la makaa hapo uani, na kila jiko lilikuwa na mahali pake, na ole wako uliweke pasipo pako. Asubuhi tuliamshwa na malori ya barabarani. Jioni ndege zilipita chini sana zikielekea kutua, na wadogo zangu wakawa wanainama kila mara. Mama alikuja na mizigo michache, lakini alikataa katakata kuacha kinu chake na mchi wake. Vilisafiri juu ya basi, vimefungwa kwa kamba, na baba alipoviona alishika kichwa.

Chumba cha mbele, kile cha kwanza ukiingia, kilikuwa cha mwanamke mmoja Mswahili, mjane, mpana wa mwili na mpole wa sauti, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Kila asubuhi aliuza mahamri na mbaazi mlangoni pake, na harufu ya iliki ilikuwa ikifika chumbani kwetu kabla ya mwanga. Sisi watoto tulimwita Bibi. Mama alimwita Jirani, na yeye vilevile akamwita mama Jirani, ikawa hivyo mpaka mwisho.

Siku ya kwanza ya Ramadhani, kabla ya jua kuzama, Jirani alinipigia ukelele. Niliitika "Nini?" kama tulivyozoea. Akanitazama kwa huruma. "Mwana wa kike akiitwa huitika abee," akanifundisha, "kisha ndipo aje." Akanitia mikononi sahani ya kauri yenye maua ya samawati pembezoni, akasema, "Mpelekee mama yako, mwambie ni futari, si kitu."

Lakini ilikuwa kitu! Palikuwa na muhogo uliopikwa kwa nazi mpaka ukameguka wenyewe, na mbaazi, na kaimati zinazong'aa shira, na kando kabisa tambi zilizokaangwa zikapikwa kwa sukari na iliki. Baba alionja zile tambi, akasema polepole kwamba huenda yule mama alichanganya kopo la chumvi na la sukari, na tusimwambie asije akafedheheka. Tulizimaliza zote.

Mama aliisugua ile sahani kwa majivu, akaisuuza, akaikausha, akanituma niirudishe. Kwa mama yake alikokulia, kumrudishia mtu chombo chake kikiwa safi ndiyo heshima yenyewe, na mama hakuna alichokipenda kuliko heshima. Jirani aliipokea, akaitazama kidogo, akasema, "Ahsante, mwanangu." Kesho yake akaleta nyingine. Mama akaisugua hiyo zaidi ya ile ya kwanza. Ikawa ndiyo desturi: sahani inakuja imejaa, inarudi inang'aa, na mama anajisifu kwa baba kwamba hata wakitafuta mpaka Likoni hawatapata mtu anayeosha vyombo kama yeye.

Aliyemfumbua macho ni mama wa chumba cha mwisho, Mgiriama mwenye utani mwingi, aliyekuwa akichambua mchicha kando ya bomba. Alimwona mama akisugua, akashindwa kujizuia.

"We jirani," akasema, "yaani hata chumvi? Hata jani la mchaichai huna la kumtilia mwenzio?"

Mama hakuelewa. Ndipo alipoelezwa kwamba huku pwani sahani ya mtu hairudi tupu. Si lazima kiwe kikubwa. Ukikosa, tia ndimu, tia pilipili mbili, tia hata fundo la chumvi, lakini chombo kirudi na neno ndani yake. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Nilikuwepo, nikaona uso wa mama ukibadilika. Aliichukua ile sahani akaingia nayo ndani, akaiweka juu ya kabati, na siku hiyo hakunituma.

Sasa fikiria shida yake. Kuirudisha tupu haiwezekani tena, kwani ameshajua. Kuirudisha na kitu, kitu gani? Mama alijua kupika vyakula vya kwao: muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, yakachemshwa na mbaazi au maharagwe, na chumvi, basi. "Nimpelekee nini mwanamke anayeweka iliki mpaka kwenye tambi?" nilimsikia akimwambia baba. "Nimpelekee mahindi?" Akabaki na sahani. Kesho yake Jirani akaleta futari kwenye sahani nyingine, kwa sababu ile ya kwanza hakuwa nayo. Na hiyo ikapanda juu ya kabati. Ikaja bakuli. Ikaja sinia ndogo. Ikaja hotipoti yenye kifuniko kilichopasuka ukingo. Vyote vilioshwa vikang'aa, vikapangwa juu ya kabati, na mama akawa haendi uani mpaka ahakikishe Jirani ameingia kwake.

Ukisikiliza kwa juujuu utacheka. Sisi hatukucheka. Mama aliacha kuimba akitwanga. Jioni moja alimwambia baba kwamba mji huu si wake, kwamba watu wake ni wema lakini yeye hajui njia zao na kila siku anaaibika, na kwamba mwezi ukiisha atatuchukua watoto arudi nyumbani, baba atakuwa akija likizo. Mimi nilijifunika shuka mpaka kichwani. Nilikuwa nimeshapenda shule yangu, nimeshapenda uani, na zaidi nilimpenda yule bibi aliyenifundisha kuitika abee. Nilikuwa naogopa kwamba tutahama kwa sababu ya vyombo.

Basi jioni moja futari haikuja. Mama alikuwa amepika muthokoi, na ulikuwa jikoni unamalizikia. Tulisikia kandambili zikija taratibu ukumbini, kisha hodi, na kabla mama hajajificha, pazia likafunguliwa. Jirani alikuwa amesimama pale, na leso yake ya kutokea, na tende chache amezifunga kwenye ncha.

"Jirani," akasema, "leo nimekuja kufuturu kwako. Kwangu hamna cha kulia. Sahani zote ziko kwako."

Akatazama juu ya kabati, akaziona zimejipanga, akatikisa kichwa kama mtu aliyewaona wanawe waliopotea. Mama alishika mdomo. Baba alikohoa, nadhani alikuwa anazuia kicheko. Jirani hakungoja kukaribishwa mara ya pili, akaketi mkekani.

"Jirani, sina kitu," mama alisema, na sauti ilikuwa inataka kuvunjika. "Ni mahindi tu. Chakula cha kwetu, cha shida."

"Mimi nimefunga, sikuja kuchagua. Mchagua nazi hupata koroma."

Adhana ikalia kutoka msikiti wa upande wa pili wa barabara. Alifungua tende, akampa kila mtoto moja, akasoma dua yake, akanywa maji. Kisha mama akampakulia muthokoi, katika sahani yake mwenyewe yenye maua ya samawati. Jirani alitafuna, akatafuna tena, maana muthokoi hauna haraka. Akachukua punje moja kwa vidole akaitazama kwenye mwanga wa taa.

"Hizi ni mbaazi," akasema.

"Ndiyo, mbaazi."

"Mmezipata wapi nzuri hivi? Mimi nikinunua sokoni nusu ni wadudu."

"Hazikununuliwa. Ni za shamba la mama yangu. Kwetu ndiko zinakolimwa, zikivunwa zinaletwa huku."

Jirani aliweka kijiko chini. "Wallahi, jirani! Maisha yangu yote nauza mbaazi, na sijapata kumjua mwenyewe. Kumbe wenyewe ni nyinyi!" Akamgeukia baba kana kwamba ni shahidi. "Na wewe unaniambia huna kitu!"

Mama alilia hapo hapo, mbele yetu wote, na Jirani akamwacha alie, akaendelea kula. Alipomaliza akasema neno ambalo nyumbani kwetu limekuwa kama methali: "Chakula hiki kinalilia nazi."

Kesho yake mlango wa chumba cha mbele ulifunguliwa kwetu, na haukufungwa tena. Jirani alileta mbuzi wake, kile kigoda cha kukunja chenye ulimi wa chuma wenye meno, akanikalisha juu yake, akanifundisha kukuna nazi. Usikandamize, aliniambia, zungusha. Ukifika kwenye weusi wa kifuu simama, kwani ule weusi utalitia tui rangi. Nazi yenyewe alikuwa ameichagua kwa kuitikisa karibu na sikio. Ikisikika maji mengi, ni nzima. Isiposema kitu, mrudishie mwenyewe, nazi mbovu harabu ya nzima. Tulikamua kwa kifumbu, ule mfuko mrefu wa ukili. Tui la kwanza, zito, likawekwa kando. Tukatia maji ya vuguvugu kwenye chicha, tukakamua tena, na hilo jepesi ndilo likaingia kwanza kwenye muthokoi uliokwisha iva, pamoja na kitunguu na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, itoe harufu bila kuwachoma watoto. Tui zito likaja mwisho, moto ukiwa mdogo.

"Tui halifunikwi," Jirani alisema, "na halipewi mgongo. Ukiliacha likachemka peke yake, wewe umeshughulika na umbeya, litakatika, likusaliti mbele ya wageni." Kwa hiyo unasimama, unakoroga upande mmoja taratibu mpaka litokote kidogo, unaonja, unaepua. Mpaka leo siwezi kupokea simu nikiwa na tui jikoni. Wanangu wanajua.

Na jioni ile vyombo vyote vya Jirani vilirudi kwake. Nilivipeleka mimi na wadogo zangu, mmoja baada ya mwingine kama maandamano, na katika kila kimoja mlikuwa na muthokoi wa nazi. Ulikuwa mwingi kupita kiasi. Jirani akaugawa nyumba nzima, na mama wa chumba cha mwisho akauliza kama ataruhusiwa naye kuja na sahani zake. Habari ya kurudi Ukambani haikutajwa tena. Mwezi uliisha, Idi ikaja, na sisi tukaila Magongo.

Baada ya hapo siwezi kukutenganishia chakula cha mama na cha Jirani. Bibi mzaa mama alipojua, akawa anatuma gunia dogo la mbaazi kwa basi kila baada ya mavuno, na Jirani akawa anawaambia wateja kwamba mbaazi zake zina ukoo. Kwake nilijifunza kwamba mbaazi kavu hulowekwa usiku kucha na kuchemshwa bila chumvi. Ukitia chumvi mapema ganda linakuwa gumu, utamaliza makaa yote ya Changamwe. Magadi hakuyataka hata kuyasikia. Alisema yanalainisha mbaazi na kuua ladha, na mtu mwenye haraka anywe chai.

Mahamri yake ndiyo nilikuwa nikiyaota darasani. Iliki aliitwanga pamoja na kijiko cha sukari, ili punje zisiruke na unga wake uwe laini. Unga, sukari, hamira, na tui zito la vuguvugu badala ya maji, akakanda kwa viganja, huku anazungumza, mpaka donge liache kushika mikono na ukiliminya liwe laini kama ndewe ya sikio. Alitufanya tushike masikio yetu kulinganisha, na siku moja tulikuwa uani watoto wengi, kila mmoja na mkono mmoja kwenye sikio na mwingine kwenye donge, baba akapita akitoka kazini, akauliza ni adhabu gani hii. Donge lilifunikwa kwa leso na kuachwa lipumzike karibu na jiko. Akishasukuma na kukata vipande vinne vinne, aliviacha tena vipate pumzi. Mafuta aliyapima kwa kijidonge: kikizama na kukaa, ngoja, kikipanda mbio, haya. Na hamri likishaingia unalimwagia mafuta ya moto juu yake kwa mwiko, ndipo linavimba likawa na chumba ndani. Hamri lisilo na chumba aliwapa kuku.

Mama naye alikuwa na ya kwake. Alimfundisha Jirani kutwanga mahindi kwa maji kidogo tu, na kupepeta bila kumwaga. Jirani alipojaribu mchi wa mama mara ya kwanza alipiga mapigo machache, akauegemea, akasema, "Sasa nimejua kwa nini Wakamba ni wembamba." Walichekana hivyo siku zote. Chakula cha mama kikizidi chumvi, Jirani alitupia kiazi kikubwa kilichomenywa, kikafyonza. Wali ukianza kunukia moto, alimkataza mama kuukoroga. Pakua juu juu, chini mwachie sufuria. Na wali ukikaribia kukauka aliweka makaa juu ya kifuniko, ukaiva kwa juu na chini, kila punje peke yake. Shira ya kaimati aliikamulia ndimu ili sukari isigande. Hayo yote sikuyasoma popote, yaliingia kwa mikono na kwa kuchapwa vidole na mwiko.

Krismasi sahani zilikwenda upande wa pili. Mama alipika pilau aliyofundishwa na Jirani, akampelekea Jirani, na Jirani akaionja akasema imempita mwalimu. Sijui kama ni kweli. Najua mama aliishi kwa neno hilo mpaka mwaka mpya.

Miaka ilikwenda. Nyumba iliuzwa, tukapewa muda tuhame, kwani mwenye kuinunua alitaka kujenga ghorofa. Jirani alichukuliwa na binti yake Kisauni. Asubuhi ya kuhama alituletea kaimati kwenye sahani ya maua ya samawati, na mizigo yake ilikuwa imeshapakiwa. Mama alisema, "Nitairudisha, jirani." Naye akajibu, "Nakujua. Utakaa nayo." Tukacheka, tukaagana, kila mtu akaenda zake.

Na kweli alikaa nayo. Si kwa aibu safari hii. Ni mambo tu, kuvuka kutoka Changamwe mpaka Kisauni, kazi, magonjwa, leo kesho. Walisalimiana kwa simu kila Ijumaa na kila Jumapili. Kisha Ijumaa moja simu ilipokewa na binti yake. Mama aliiweka simu chini. Aliingia jikoni akapika muthokoi wa nazi, akasimama juu ya lile tui bila kuligeuzia mgongo, akaujaza kwenye ile sahani, nami nikampeleka matangani. Binti wa Jirani alitoka, akaipokea, akaitambua sahani ya mama yake. Wakakumbatiana pale mlangoni na chakula katikati.

Tulipokuwa tunaondoka yule binti alitufuata nje. Sahani alimrudishia mama, akasema ni ya kwake sasa. Pamoja nayo alikuwa amebeba mbuzi, kile kigoda, ulimi wake umelika kwa nazi za miaka yote. "Mama angenigombeza," akasema, "kama ningeirudisha tupu."

Mbuzi huyo yuko hapa sebuleni, chini ya kiti cha mama. Ile nyumba haipo. Nilipita Magongo karibuni nikatafuta mahali ulipokuwa uani, nikakisia ni pale wanapoegesha magari. Hakuna jiko la makaa, hakuna foleni ya bomba. Tui linauzwa kwenye pakiti, na mimi mwenyewe nalinunua nikichoka, usiniulize ladha yake. Milango yetu ya ghorofani ni ya chuma na ina tundu la kuchungulia. Unaweza kukaa na mtu mwaka mzima usijue anakula nini, hata harufu haitoki. Hilo ndilo linaloniuma kuliko nyumba yenyewe. Pazia lile la chumba chetu, mtu yeyote aliweza kulifungua kwa mkono mmoja.

Basi Jumamosi ile, mama alipomaliza kucheka, aliniambia, "Mpelekee tena."

"Nimpelekee tena, na hii imerudi tupu?"

"Jirani angeninunia mimi, leo ungekuwa wapi? Ungekuwa Ukambani unafukuza ndege shambani."

Jumapili nikakaanga kaimati, nikazipeleka kwa sahani ileile. Haikurudi. Nikapeleka wali na samaki wa kupaka kwa sahani nyingine. Nayo haikurudi. Nilipokuwa nikinunua mboga pale chini langoni, muuzaji aliniambia kwamba yule binti wa ghorofani kwetu alimuuliza kwa sauti ndogo, watu wa huku hurudishaje sahani, naye akamweleza yote. Jana nimekutana naye ukumbini. Alinisalimu haraka, akaingia kwake akafunga mlango, lakini kabla haujafungwa nikaziona sahani zangu juu ya kabati, zimeoshwa, zimepangwa, zinang'aa.

Nimemsimulia mama. Amekaa akipapasa mbuzi kwa mguu.

"Umebakiwa na sahani ngapi?" akaniuliza.

"Mbili."

"Peleka na hizo," akasema mama. "Zikiisha, nishike mkono univushe ukumbi. Tukale kwake."